Shuka la Wodi ya Wazazi

2 Machi

Dada,

Kabla ya salamu: mimi mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua utaisoma barua hii umesimama, na ukishaliona utakaa chini. Haya, kaa.

Najua nimenyamaza muda mrefu. Nilikosa mtu wa kumpa barua. Sasa nimempata, ni huyu Mama Sabuni anayewaletea sabuni hapo hospitali. Kumbe anauza na huku. Ukitaka kunijibu, mpe yeye, mkononi mwake. Ukimaliza kusoma, choma.

Nafanya kazi machimboni, tunavunja kokoto. Kazi ngumu ila chakula kipo. Mwambie Mama nimenenepa kidogo. Msinitafute. Nitakuja mwenyewe mambo yakitulia.

Mdogo wako,
Kasuku

9 Machi

Kasuku wangu,

Nilikaa chini kweli. Nilikaa juu ya furushi la mashuka machafu ya wodi ya upasuaji na wala sikujali. Nimelia mpaka mwenzangu wa pasi akadhani nimefiwa. Nikamwambia sijafiwa, nimefufuliwa mtu. Akanitazama kama mwenda wazimu, akaendelea kunyoosha foronya zake.

Mwaka mzima na zaidi, wewe mtoto! Tumekutafuta vituo vya polisi, tumekutafuta mochwari. Nimefunuliwa maiti nikaambiwa "angalia vizuri, mama," na kila mara nimetoka nje nikimshukuru Mungu kwa msiba wa mwenzangu. Dhambi hiyo iko shingoni kwako.

Sasa tuje kwenye kokoto. Barua nimemsomea Mama. Aliposikia "nimenenepa" alicheka. Aliposikia "kokoto" akaacha kucheka, akasema: "Huyo angeshika nyundo kubwa siku moja tu, ya pili yake angeandika kurasa kumi za malalamiko. Kokoto gani za kuelezwa kwa maneno matatu?" Akanitazama. "Yuko na wale." Halafu akainuka akaenda kuanua nguo, na jua lilikuwa bado kali.

Kwa hiyo Mama anajua na mimi najua. Mvunja kokoto haambii watu wachome barua. Tangu siku ile askari walipochoma karakana yako na mashine yako ya kuchomelea ikiwa ndani, nawe ukasimama kwenye majivu bila kusema neno, wewe ambaye hata usingizini unaongea, nilijua utakokwenda. Nisikudanganye kwamba sikulaumu. Nakulaumu, lakini si leo. Leo nimefurahi.

Redioni wametangaza msamaha. Atakayesalimisha silaha kabla ya mwisho wa Mei hatashtakiwa. Umesikia? Niambie ukweli: uko wapi, uko na nani, unakula nini.

Dada yako

17 Machi

Dada,

Serikali ingemwajiri Mama, vita hivi vingekwisha zamani.

Ni kweli, niko na Harakati. Ila usinifikirie niko kwenye jeshi la msituni kama wanavyosimulia redioni. Harakati ni kubwa, imeenea wilaya zote za juu na imevuka mpaka, lakini huko kwenye ukubwa sijawahi kufika. Sisi ni kikundi cha watu wanne tu. Tunaishi ndani ya karakana ya vigae iliyofungwa, nyuma ya mji mdogo, na mchana tunajifanya mafundi tunaoikarabati. Amri zinatoka Makao. Zinaletwa na mtu wa pikipiki tunayemwita Mjumbe, naye hakai hata kunywa maji.

Mkubwa wetu ni Mwalimu. Alifundisha shule kabla ya vita. Ana miwani ambayo mkono mmoja umefungwa kwa waya, na neno likiandikwa vibaya linamuuma kuliko jino. Wa pili ni Dereva, mtu mkubwa kama kabati, analala ameshika funguo za lori. Wa tatu ni Mpishi, ambaye hajui kupika. Jina alipewa kwa kejeli baada ya kuunguza maji. Na mimi, Dada, usicheke, huku naitwa Bubu.

Naitwa hivyo kwa sababu sisemi. Nilikuja na hasira, na hasira ilipokwisha nikabaki na woga, na woga ndio ulionifunga mdomo. Siku ya tangazo la msamaha redio ilikuwa imewashwa, sote wanne tumekaa. Mtangazaji alipomaliza, Mwalimu akasema, "Uongo mtupu." Dereva akasema, "Upuuzi." Mpishi akatema mate. Mimi nikaendelea kusafisha bunduki. Niliisugua bunduki ile kama sufuria ya harusi, maana niliogopa nikiinua uso watasoma kilichoandikwa.

Katika kikundi kingine kulikuwa na kijana aliyetania tu: "Twendeni tukapokee msamaha, huenda wanagawa na blanketi." Aliitwa kikaoni Makao. Hajarudi. Kwa hiyo hapa neno hilo halitamkwi. Tunakula maharage, tunaambiana "pitisha chumvi," tunalala.

Kasuku

26 Machi

Kasuku,

Bubu! Nimecheka mpaka mbavu zinauma, halafu nikajikuta nalia. Wewe uliyetolewa nje kwenye msiba wa Baba kwa sababu ulikuwa unamhadithia shehena ya bati mtu aliyekuja kutoa pole! Walimu watatu walikuhamisha dawati. Mwenye duka alikuwa akikuona unakuja anafunga mlango. Mungu anajua kuadhibu: kakuweka mahali ambapo ukiongea unakufa.

Mimi nasema ondoka. Sijui vita, najua mashuka, lakini hata shuka likishachanika sana halishonwi, linafanywa tambara. Umekwenda kwa sababu walikuchomea karakana. Haya, karakana imerudi? Toka hapo mchana kama mtu anayekwenda kununua chumvi, usigeuke nyuma. Mama anasema hivyo hivyo, ila yeye ameongeza matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi.

Dada yako

4 Aprili

Dada,

Ningekuwa peke yangu ningeshaondoka. Lakini Makao wana majina ya nyumbani kwetu sote. Anayetoroka, wanakwenda kubisha hodi kwao. Sitaki wabishe kwako.

Jana Mjumbe amekuja na kazi. Siwezi kuandika. Nakuomba jambo moja na usiniulize: hospitalini wekeni akiba ya maji. Jazeni kila chombo. Mapipa, beseni, ndoo, kila kitu.

K.

8 Aprili

Kasuku,

Sikukuuliza. Nilisimama dirishani kwa dobi, chumba chetu cha kufulia, nikatazama bomba kubwa linaloshuka kutoka kilimani, nikafuata kwa macho mpaka kwenye mtambo wa maji, nikaelewa mmetumwa kuuharibu. Mdogo wangu, hayo maji ndiyo yanayofua damu ya wanaojifungua. Ndiyo wanayonawia madaktari. Hakuna ndoo duniani za kutosha. Nimejaza mapipa kama ulivyosema, na kila nililojaza nilikuwa nakasirika zaidi.

Lakini kaa tena chini, kwa sababu kuna jambo limetokea, na mimi mwenyewe bado sijaliamini.

Juzi nilikwenda wodi ya wazazi kuchukua mashuka. Mlangoni kuna tangazo: "Wagen hawaruhusiwi kuingia na viatu." Limekaa hapo miaka, hakuna anayelijali. Nikamkuta mwanamume amesimama mbele yake, kikapu cha matunda mkononi, anatikisa kichwa kwa uchungu. Akatazama huku na huku, akatoa kalamu, akaongeza herufi i. Aliponigeukia nikaona miwani. Mkono mmoja umefungwa kwa waya.

Nikapita kama sijaona kitu. Alikwenda kwenye kitanda cha mama mmoja ambaye amejifungua mtoto wa kike na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumtembelea. Alimshika mtoto kwa muda mfupi, akaondoka. Yule mama akajifunika uso, analia. Mimi nikavuta pazia, nikakaa.

"Mbona unalia, na mtoto mzima namna hii?"

"Baba yake hawezi kukaa nasi."

Nikaamua kuwa wa kwanza kutoa siri. Nikamnong'oneza: "Nina mdogo wangu yuko huko juu." Alinishika mkono kama mtu anayezama. Akasema, "Basi unajua. Wamepewa kazi mbaya, mume wangu haitaki. Anataka kujisalimisha. Lakini anaye kijana mmoja hapo kikundini. Mkatili. Hasemi na mtu, kutwa kucha anasafisha bunduki. Wale wengine wawili angeweza kuwajaribu kwa maneno. Huyo, ukitamka msamaha tu, anakumaliza. Wanamwita Bubu."

Kasuku, niliuma ncha ya khanga nisipige kelele. Nikamuuliza ana alama gani. Akasema mumewe humtaja kwa kovu la moto juu ya unyusi.

Unasikia? Unamwogopa yeye, naye anakuogopa wewe. Mkubwa wako wa vita anamwogopa mtoto niliyemfunga nepi.

Dada yako

12 Aprili

Dada,

Nimeisoma barua yako ndani ya tanuri la vigae, ndiyo mahali pekee ninapopata faragha. Nimeisoma tena na tena.

Mwalimu alituambia amekwenda kutafuta waya. Alirudi bila waya, na jioni nilimsikia ananung'unika wimbo wa kubembeleza mtoto huku anachora ramani ya mtambo. Nilidhani anarukwa na akili.

Nataka kuamini. Lakini fikiria upande wa pili: Mwalimu ni mtu wa akili. Je, kama amehisi nina barua zinazotoka na kuingia? Je, kama kamtuma mkewe anitegee, nikifungua mdomo tu nimejihukumu? Kijana wa blanketi alitania mbele ya rafiki yake.

Kazi imepangwa wiki ijayo. Mimi ndiye wa kukata mlango wa chuma wa mtambo. Natafuta njia ya kuharibu mashine ya kukatia bila kuonekana. Niachie mimi nipambane nalo. Kwa sasa nakusihi, usimwambie yule mama kitu chochote kuhusu mimi.

Kasuku

15 Aprili

Kasuku,

Umechelewa. Nimeshasema.

Usinirukie. Nilisubiri ruhusa yako, haikuja, na mama wa watu alikuwa anaruhusiwa kutoka. Nikamwambia: "Bubu wenu ni mdogo wangu, na hajawahi kunyamaza maishani mwake isipokuwa kwa kuogopa." Alinikodolea macho. Akaanza kucheka, mshono ukamuuma, akawa anacheka na kusema "aa, aa" kwa maumivu, mpaka muuguzi akaja kutufokea. Mtu anayetega hachekagi hivyo. Kama nimekosea, basi nimekuua, na ninaiandika sentensi hii nikijua maana yake. Lakini sikukosea.

Sikiliza sasa. Kuna wakili wa kamati ya amani, mwanamke mwenye sauti ya kigae kilichopasuka na moyo wa pamba. Nimekaa naye. Anasema: Jumamosi, mchana kweupe, daraja la chini, kwenye kituo cha jeshi. Lori liende polepole. Silaha zifungwe pamoja nyuma. Shuka jeupe juu ya paa la lori. Atakuwa amesimama hapo yeye mwenyewe, na askari wameambiwa.

Shuka nakutumia ndani ya boksi la sabuni. Nilichukua jeupe kuliko yote kwenye rafu, kwa haraka, kabla mkuu wa wauguzi hajatokea.

Na kuhusu kubishiwa hodi nyumbani: hakuna atakayemkuta Mama. Daktari amemlaza wodi ya wanawake. Ugonjwa: mgongo. Mgongo wenyewe mzima kuliko wako na wangu, lakini analalamika vizuri sana, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani amemhurumia akampa mto wake. Wakili ameelekezwa na mke wa Mwalimu nyumba za wenzako wengine, amekwenda kuzungumza nao.

Nenda ukaongee. Hicho tu. Kitu ambacho Mungu alikuumbia.

Dada yako

21 Aprili

Kasuku,

Naandika bila kujua nampa nani barua hii. Mama Sabuni hajapita.

Jumamosi imepita. Redio ilisema kumesikika risasi kwenye barabara ya daraja. Hawakusema zaidi, wakaendelea na bei za mazao. Wakili simu yake haipatikani. Mke wa Mwalimu yuko kwangu na mtoto. Tunapokezana kumbeba. Mama ameacha kulalamika mgongo, ndiyo maana daktari anaanza kuwa na wasiwasi naye kweli.

Maji bado yanatoka. Kila asubuhi nafungua bomba kwa dobi na kusikiliza. Yanatoka, kwa hiyo kazi ile haikufanyika. Kwa hiyo mliongea. Kwa hiyo mliondoka. Nafika hapo, nashindwa kuendelea.

Dada

25 Aprili
Kituo cha mapokezi

Dada,

Mimi mzima. Sote wanne wazima. Nimeambiwa barua hii itakuja na wakili mwenyewe, kwa hiyo ukimwona anatabasamu usimngoje afungue mkoba.

Sasa nipe nafasi, maana nina maneno ya mwaka mzima.

Siku boksi la sabuni lilipofika, Mwalimu aliniita nyuma ya tanuri. "Bubu, njoo." Bastola ilikuwa kiunoni. Nikaenda na bunduki yangu. Tukasimama, kila mmoja anautazama mkono wa mwenzake. Nilimwona anameza mate, na huo ndio mwanzo wa mimi kuamini.

Akasema, "Mke wangu kaniletea habari."

Nikasema, "Na mimi dada yangu kaniletea."

"Yako inasemaje?"

"Anza wewe, mkubwa."

"Anza wewe. Wewe ndiye unayetisha."

Dada, hapo ndipo nilipovunjika. Nilicheka mpaka bunduki ikaniponyoka, naye akaruka nyuma akidhani imefyatuka. Kisha nikaanza kuongea. Nilimwambia habari ya karakana yangu, ya Mama, ya mochwari ulizozunguka, ya maharage yasiyo na chumvi, ya jinsi anavyokoroma. Nilimwambia binti yake naambiwa amefanana naye, maskini. Mwalimu alikaa juu ya rundo la vigae akanisikiliza mpaka kivuli kikahama. Mwishowe akavua miwani, akajifuta macho, akasema: "Mungu wangu. Rudi kuwa bubu."

Wakabaki wawili. Mwalimu akaita kikao, akaweka bastola mezani, mdomo wake ukielekea kwake mwenyewe. "Mimi naondoka Jumamosi. Bubu yuko nami. Mwenye kunipiga risasi anipige sasa, nisipoteze muda kufungasha." Dereva akainuka, akatoka nje. Tukajua amekwenda kuchukua bunduki. Mimi nilishafunga macho. Akarudi na funguo za lori, akazitupa mezani. "Tangi limejaa tangu siku redio iliposema. Nimewasubiri ninyi mpaka nimechoka."

Mpishi yeye alianza kulia. Akainua godoro lake, akatoa shati la kiraia, limekunjwa, limenyooshwa. Alikuwa analinyoosha kwa chupa ya maji moto sisi tukiwa nje. Akasema, "Nilikuwa naliweka la siku hiyo. Nilidhani nitalivaa peke yangu."

Tumeishi chumba kimoja, Dada, watu wanne wanaotaka kwenda nyumbani, na kila mmoja alikuwa mlinzi wa gereza la wenzake.

Jumamosi tukaondoka. Kabla ya daraja kulikuwa na kizuizi cha kikundi kingine cha Harakati, vijana wawili na gogo barabarani. Mwalimu akawaambia tuna kazi ya Makao. Mmoja akachungulia, akaona shuka mapajani mwa Mpishi.

"Hilo la nini?"

"La kufunikia maiti," Mpishi akajibu.

"Maiti ya nani?"

"Bado hatujajua."

Sijui maneno hayo aliyapata wapi. Yule kijana aliondoa gogo haraka kama vile linawaka. Lakini njia panda walituona tunakata kushuka badala ya kupanda, wakafyatua. Hizo ndizo risasi mlizosikia redioni. Zilipiga tairi la nyuma. Dereva hakusimama, tulikwenda kwa chuma kitupu, cheche zinaruka, mimi nimemlalia Mwalimu, Mwalimu anapiga kelele kwamba ninamkalia miwani.

Tulipoliona daraja, Mpishi akatoa shuka dirishani, akalishika juu kwa mikono miwili, upepo ukalifungua lote. Askari wakaelekeza bunduki. "Shukeni! Mikono juu!" Tukashuka. Ofisa kijana akaja taratibu, kidole kwenye kifyatulio, anatoka jasho kama sisi. Akasimama. Akalitazama shuka. Midomo yake ikawa inasoma.

Dada, ulichukua kwa haraka. Katikati ya shuka lile, kwa wino wa buluu, kwa herufi za kuonekana ng'ambo ya mto, pameandikwa MALI YA WODI YA WAZAZI.

Ofisa akauliza, "Nani amejifungua?"

Mwalimu, mikono juu, miwani imepinda, akajibu: "Mke wangu. Mtoto wa kike."

Ofisa aliondoa kidole kwenye kifyatulio. Kisha akashusha bunduki. "Hongera," akasema.

Wakili alikuwa nyuma yake, amekaa chini kabisa katikati ya barabara na mavazi yake ya ofisini, anacheka na kulia.

Hapa tunalala kwenye vitanda. Wametuhoji. Walipouliza nani alikuwa wa kwanza kufikiria kujisalimisha, sote wanne tukasema "mimi," ikawa ugomvi mkubwa. Dereva anasema tangi lake ni ushahidi. Mpishi anasema shati. Mwalimu anadai cheo. Karani aliyekuwa anaandika majibu yetu aliweka kalamu chini akasema atatuita tukishaelewana. Mpaka leo hajatuita.

Kasuku

2 Mei

Kasuku,

Wakili alitabasamu tangu getini. Sikungoja mkoba.

Nilimsomea Mama barua yako pale pale wodini. Tulipofika kwenye "tairi la nyuma" alikuwa amekaa. Kwenye "hongera" alikuwa amesimama. Nilipomaliza alikuwa ameshavaa viatu, amekunja blanketi la hospitali, amemrudishia jirani mto wake. Daktari alipita akauliza mgongo vipi. Mama akamwambia, "Mgongo gani?"

Mke wa Mwalimu aliweka mtoto kitandani, akaenda uani, akapiga yowe moja la furaha ambalo kuku wa mtaa mzima walilijibu. Kisha akarudi akala. Hakuwa amekula chakula cha maana tangu Jumamosi ile.

Na mimi? Mimi nimelala. Nililala mchana, siku ya kazi, juu ya mashuka safi, na mwenzangu wa pasi akanifunga mlango ili nisisumbuliwe. Nilipoamka nilisikia maji yanatoka bombani, nikayaacha yatoke kidogo, bure tu.

Mkuu wa wauguzi anauliza lilipo shuka lake. Nimemwambia liko jeshini. Amedhani namtania.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Wametuambia tutaachiwa wiki ijayo. Na kuna habari: jana gari limeingia hapa likashusha watu wapya, na wa kwanza kushuka alikuwa Mjumbe. Pikipiki yake ilikuwa nyuma, imefungwa kamba. Alituona, tukamwona. Mwalimu akamwuliza, "Leo utakunywa maji?" Akanywa. Anasema vikundi vya wilaya yetu vinajisalimisha kimoja kimoja, na Makao wamehama kuvuka mpaka, hawana tena mtu wa kumtuma kubisha hodi kwa yeyote. Kwa hiyo Mama alale nyumbani.

Ila nina jambo linalonikaa kooni. Sisi wanne hatukumwua mtu, lakini Harakati imeua, na mimi nilikula chakula chake. Pale mtaani yuko mama wa nyumba ya pili, ambaye mwanawe alikuwa askari, akafia kule juu. Nitapitaje mbele ya mlango wake? Nikisalimia nitakuwa sina aibu, nisiposalimia nitakuwa na kiburi.

Kasuku

16 Mei

Kasuku,

Nilikwenda kwake mwenyewe. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia unakuja, na nikamwambia ulichoniuliza, bila kupunguza. Aliendelea kuchambua. Nikakaa. Baadaye akasema:

"Mwambie asinisalimie. Siku nitakayoweza, nitamsalimia mimi."

Nikamwuliza, "Na siku hiyo isipofika?"

"Basi asinikasirikie." Akapepeta, akaweka ungo chini. "Lakini aje. Mama yake asinyimwe alichonyimwa mwenzake."

Nimekuletea kama nilivyopewa. Sina la kuongeza.

Sasa sikiliza ya nyumbani. Mama anataka ulale chumba cha ndani, karibu naye, akusikie ukipumua. Mimi nasema chumba cha mbele, kuna dirisha, mtu aliyekaa ndani ya tanuri anahitaji hewa. Yeye kahamisha kitanda, mimi nimekirudisha, yeye kakihamisha tena nikiwa kazini, na leo asubuhi nimekikuta kimekwama mlangoni, hakiingii wala hakitoki, na yeye amekaa juu yake amekunja mikono. Tumepigiana kelele mpaka majirani wakatoka. Mwaka mzima tulikuwa hatupandishi sauti ndani ya nyumba hii, tulikuwa tunatembea kama kuna mgonjwa.

Panda gari la asubuhi. Njoo utuamue.

Dada yako